Saa za Kijito

Wifi yangu alikuwa ameukamata mkono wangu kama anayetaka kuuvunja, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikiliza mvua. Haikuwa mvua ya kwetu. Bondeni yalikuwa yanadondoka manyunyu tu, ya kulowesha nguo kambani bila kujaza hata kikombe. Ilikuwa mvua ya juu, ya msituni, ngurumo nzito isiyopumzika, kama watu wanaoburuza makabati katika chumba cha pili. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasorobo. Nikaanza kuhesabu.

"Mkunga amefika?" wifi akauliza.

"Yuko njiani."

"Na kaka yako?"

"Amekwenda kumpokea kivukoni."

Akafumba macho, akashusha pumzi. Neno lile la kivukoni lilimtuliza. Mimi halikunituliza, lakini nilikunja kitambaa, nikamfuta jasho la shingoni, nikamwambia asisukume bado.

Kazi yangu siku hizo ilikuwa kupima maji. Nikisema hivyo watu hufikiria chupa na dawa, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Kulikuwa na vijito viwili vilivyoshuka kutoka msitu mmoja, vimetenganishwa na mgongo mmoja wa mlima, vinafanana kama mapacha. Katika kila kijito wataalamu walikuwa wamejenga ukuta mdogo wa zege wenye pengo katikati, wakasimamisha rula ndani ya maji, na kandokando wakaweka sanduku la chuma. Ndani ya sanduku kulikuwa na ngoma iliyovishwa karatasi, ikizunguka polepole kwa nguvu ya saa, na kalamu iliyopanda na kushuka kwa kadiri ya maji. Kila asubuhi nilisoma rula, na kila Jumatatu nilibadilisha karatasi. Miaka kumi na moja. Watu waliniita Mama Rula, na walipotaka kunitania waliniuliza leo kijito kimevaa viatu namba ngapi.

Kijito cha pili kilipita ng'ambo ya mlima, mahali pasipokaa mtu. Cha kwetu ndicho kilichoyakata makazi vipande viwili. Daraja lilikuwa mbali, mwendo wa saa moja na nusu kuzunguka, kwa hiyo watu walivuka kwa mawe, chini ya bustani za mboga. Na kila aliyekulia pale aliijua hesabu yake. Mvua ikianza kupiga juu, una saa tatu kabla kijito hakijafura. Ulikuwa muda wa kutosha kufua, kusuuza, kuanika na kurudi kwako bila kukimbia. Hakuna aliyefundishwa shuleni. Ulipozaliwa ukaikuta, kama unavyokuta mlango wa nyumba uko upande gani. Mtu akifika ukingoni aliuliza tu, "Ya juu imeanza saa ngapi?" na aliyekuwepo akamjibu, naye akavuka au akakaa.

Kisha kaka yangu akaleta barabara.

Nasema kaka yangu kwa sababu kwangu mimi ilikuwa yake. Kampuni ya magogo ndiyo iliyopewa kibali, lakini aliyekaa juu ya mashine na kuupasua mlima alikuwa yeye, na jina lake la mtaani lilikuwa Tingatinga. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita na yeye kumi na tano. Aliacha shule siku ya arobaini ya msiba ili mimi niendelee. Alinifungia vifungo vya sare, akanisuka nywele kwa vidole vilivyonuka dizeli, akanisuka vibaya, nikachekwa, akajifunza. Kila nilichokuwa nacho kichwani, hata kujua kusoma ile rula, kilipitia mgongoni kwake. Kwa hiyo alipoikata barabara ile, kilomita tisa kuzunguka bonde lote la kijito chetu, nilikwenda kuitazama kama mtu anayekwenda kutazama harusi ya mwanawe. Ilikuwa nzuri. Upande wa mlima alichimba mtaro ulionyooka kama uzi, na kila baada ya hatua mia mbili kalavati lililopitisha maji chini ya barabara na kuyamwaga upande wa pili.

"Barabara bila mtaro ni matope," aliniambia, akipiga buti yake ukingoni. "Hii haitakatika hata inyeshe mwezi mzima."

Nikaona kitu ambacho sikukipa jina siku ile. Ukuta wa udongo alioukata ulikuwa unatoka jasho. Hakukuwa kumenyesha kwa siku nne, lakini maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye udongo, matone kwa matone, yanaingia mtaroni, yanakimbia.

Msimu wa kwanza wa mvua ndio ulionifumbua macho. Nilibadilisha karatasi ya kijito chetu nikaona mstari umepanda wima, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nikadhani kalamu imekwama. Nikasafisha, nikatia wino, nikaweka karatasi mpya. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Ndipo nikachukua karatasi ya kijito cha pili, kile kisicho na barabara, nikaibandika juu ya ile ya kwanza, nikaziinua zote mbili dirishani ili mwanga upenye. Mvua ilikuwa moja, siku moja. Kijito cha ng'ambo kilipanda taratibu, kikafika kileleni baada ya saa tatu, kama kilivyofanya tangu enzi. Cha kwetu kilifika baada ya dakika hamsini na tano, na kilele chake kilikuwa juu zaidi kwa kimo cha goti.

Nilisimama pale dirishani mpaka mikono ikafa ganzi. Sikuhitaji mtaalamu wa kunieleza. Zamani mvua ilianguka kwenye majani, ikadondoka kwenye takataka laini za chini, ikazama, ikasafiri ndani ya udongo gizani bila haraka mpaka ikatokea kijitoni. Sasa ilikuwa inasafiri hivyohivyo, inafika kwenye ukuta alioukata kaka, inatokea nje, inaangukia mtaroni, mtaro unaipeleka kalavatini, kalavati linaitupa kijitoni. Kaka yangu hakuwa amejenga barabara tu. Alikuwa amekizalia kijito watoto wa kilomita tisa, wote wana mbio.

Nikampelekea karatasi zote mbili. Alikuwa uani anabadilisha mkanda wa mashine. Alizitazama zikiwa zimeinuliwa juani, moja juu ya nyingine, kama nilivyomwonyesha, akacheka.

"Kwa hiyo maji sasa yanavaa saa ya mkononi?"

"Kaka, si mchezo. Watu wanavuka kwa hesabu ya zamani."

Kicheko kikamtoka usoni. Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja baada ya kingine.

"Hizo zinakwenda kwa nani?"

"Kwa mhandisi wa maji. Mwisho wa mwezi."

"Akiziona?"

"Ataifunga barabara. Au angalau ile sehemu ya pili mnayotaka kuianza hawataikata."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndani, wifi alikuwa anaimba akiosha vyombo. Miaka minane walikuwa wamengoja mtoto, miaka minane ya dawa na maneno ya watu, na sasa tumbo lilikuwa na miezi mitano. Alielekeza kidevu upande wa ile sauti.

"Nipe msimu mmoja," akasema. "Sikuombi uchome kitu. Nakuomba usubiri. Msimu mmoja, mdogo wangu. Nimewahi kukuomba nini?"

Hakuwahi kuniomba kitu maishani. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nilirudi nyumbani nikaandika katika daftari la kazi, mbele ya kila wiki ya namna ile, kwa mwandiko wangu safi wa shule aliyonilipia yeye: *kifaa kibovu, usomaji hautegemewi*. Karatasi zenyewe nikazitia kwenye droo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeandika kifaa ni kibovu, sikuweza tena kusimama kivukoni kuwaambia watu kijito kimebadilika. Ningesema nimejuaje? Nilijiambia nitawaambia kidogokidogo, kwa mafumbo. Nilimwambia muuza mboga mmoja awe mwangalifu. Akaniambia, "Tangu lini usiwe mwangalifu na maji?" tukacheka, nikaenda zangu.

Sasa nirudi kwenye kile chumba.

Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri, na kufikia adhuhuri ukaja na damu. Mkunga alikaa ng'ambo. Siku hizo simu hazikuwa zimefika bondeni. Tulimtumia ujumbe kwa mtu wa baiskeli, akajibu kwa mtu huyohuyo kwamba anakuja kwa miguu, akikata njia ya kivukoni. Kaka akavaa buti ili akampokee mkoba. Nilimfuata mpaka mlangoni. Juu ya msitu mawingu yalikuwa yameshuka yakagusa miti.

"Kaka, mvua ikianza huko juu, mwambie azunguke darajani."

"Azunguke saa nzima na nusu, mke wangu anatoka damu?"

"Kijito si kile. Nilikuonyesha."

"Najua ulichonionyesha." Akafunga kamba ya buti, akaivuta mno, ikakatika. Akaenda hivyohivyo, buti moja imefungwa na moja wazi.

Saa nane na dakika arobaini nikausikia mngurumo. Mtu asiyekijua kijito angesema ni lori linapanda. Ilikuwa sauti ya mawe yanayogongana chini ya maji. Wifi akapiga ukelele wakati uleule, nikapiga magoti, na kwa dakika kadhaa sikuwa na masikio ya kitu kingine. Nilikuwa nimemtazama mkunga akifanya kazi mara mbili, mara ya kwanza mimi mwenyewe nikiwa kitandani. Nilijaribu kukumbuka mikono yake inakwenda wapi kwanza. Kichwa kikatoka, bega likafuata, na mtoto wa kike akaangukia viganjani mwangu, anateleza, wa buluu, kimya. Nikampangusa mdomo, nikampiga nyayo. Akalia kwa hasira, akalia vizuri.

Hapo mlango ukafunguliwa. Kaka alikuwa amelowa mpaka kifuani. Mikononi alikuwa ameukumbatia mkoba wa mkunga, ule wa ngozi ya kahawia wenye kamba ndefu.

"Amefika!" wifi akasema, akacheka huku analia. "Amefika, jamani. Mwambieni aingie."

Kaka akanitazama. Nikanyoosha mkono, nikaupokea ule mkoba, nikaufungua. Maji yalikuwa yameingia kidogo tu. Kila kitu kilikuwa kimefungwa ndani ya plastiki, kwa mpangilio, glavu, uzi, mkasi. Nilikata kitovu cha mtoto wa kaka yangu kwa mkasi wa mwanamke ambaye wakati huo alikuwa bado anasafiri na maji kuelekea chini.

Walimpata siku ya pili, kwenye tambarare ya mchanga.

Mhandisi wa maji alikuja baada ya wiki moja. Mkutano ukafanyika kwenye ukumbi wa shule, watu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewagusa videvu. Mume wa mkunga alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa fundi viatu, mtu mwembamba asiye na maneno, na muda wote alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Wazee na vijana wakasimama mmoja mmoja, wakasema kitu kilekile kwa njia tofauti: haikuwa zamu ya kijito kujaa. Mmoja akasema labda mkunga alikosea. Alikuwa na haraka, hakuuliza saa. Fundi viatu akainamisha kichwa.

Mhandisi akaniuliza kama vipimo vilionyesha chochote. Nikafungua bahasha. Nikatoa karatasi zote za msimu, nikaziweka mezani mbele ya watu wote, na sauti yangu haikutetemeka.

"Zilionyesha," nikasema. "Lakini nilidhani kifaa ni kibovu. Nimeandika humo."

Akazipitia kwa muda mrefu. Kisha akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa jikoni huacha kisu nikakaa chini.

"Mtu yeyote angedhani hivyo, mama. Mabadiliko ya namna hii si ya kawaida. Ulifanya vyema kuzihifadhi."

Kwenye kona ya ukumbi kaka yangu alikuwa amesimama na mtoto begani. Macho yetu yakakutana, yakaachana, na hayakukutana tena kwa miaka sita.

Barabara ikafungwa. Mashine ikapakiwa kwenye lori, ikaondoka. Mimi nikaletewa barua ya pongezi, yenye muhuri, kwa utunzaji bora wa kumbukumbu. Wifi akampa mtoto jina la mkunga. Kaka hakuweza kulitamka; alimwita Mdogo, na mtoto akakua akiitikia majina mawili bila kujua sababu. Kwenye sherehe za nyumbani tulikaa chumba kimoja, mimi na yeye, tukapokezana sahani kwa adabu kama wageni wa pande mbili. Wifi alidhani tuligombana kwa ajili ya kazi ya mumewe iliyopotea. Tukamwacha adhani hivyo.

Kufunga barabara kulikuwa kuweka nguzo mbili na mnyororo. Mitaro ilibaki. Ripoti ya mhandisi ilisema barabara ichimbuliwe yote, makalavati yatolewe, lakini ripoti haina mikono. Kijito kikaendelea kupanda kwa dakika hamsini na tano, na safari hii niliandika kila kitu, nikasimama kivukoni, nikawaambia watu mmoja mmoja mpaka wakanichoka. Wakajifunza hesabu mpya. Hakuna mwingine aliyekufa.

Mwaka wa sita, mstari kwenye karatasi ukaanza kulegea. Dakika sitini na tano, baadaye themanini. Safari hii sikudhani kifaa kina ubovu. Nilipanda juu, nikaruka mnyororo, nikaifuata ile barabara iliyoanza kuota nyasi katikati. Kila baada ya hatua ishirini hivi nilikuta imekatwa kwa handaki la mshazari, kina cha goti, likiyatoa maji mtaroni na kuyasambaza upande wa chini, kwenye miti. Makalavati yalikuwa yamefukuliwa, yamelazwa pembeni. Baada ya mwendo wa nusu saa nikasikia jembe.

Alikuwa amezeeka mgongoni. Aliponiona hakuacha kuchimba. Alimalizia handaki, akakwangua udongo wa jembe kwa kijiti, ndipo akakaa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka juzi. Kila Jumamosi."

"Peke yako?"

"Nilipoikata nilikuwa peke yangu."

Nikakaa upande wa pili wa handaki. Ndege walikuwa wanagombana juu. Nilitaka kusema jambo la kumshukuru, au la kumwomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Aliniuliza," akasema.

"Nani?"

"Mkunga. Alifika ng'ambo, akasimama, akaita: ya juu imeanza saa ngapi? Nikamwambia bado haijatimiza saa nzima." "Ilikuwa kweli. Sikumdanganya hata neno moja. Akapiga hesabu yake, nikamwona anapiga, akakunja nguo, akaingia. Na mimi nilikuwa na zile karatasi zako kichwani, naziona kama navyokuona wewe. Nikasema moyoni, pengine dada kakosea. Pengine leo hapana. Mke wangu anatoka damu."

Akalichomeka jembe kwenye udongo. Baadaye akasema, "Alikuwa amefika jiwe la nne. Alinirushia mkoba."

Tulikaa pale hadi kivuli cha mlima kikatufikia. Hatukulia. Tulipoinuka alinipa jembe nilibebe, akachukua koleo, tukashuka pamoja.

Nilingoja Jumatatu ipite, kisha nikaenda kwa fundi viatu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimejaa harufu ya gundi, na viatu vya watu vimepangwa rafuni viwiliviwili vikingoja wenyewe. Alikuwa ameubana mguu wa kiatu magotini, ana misumari midogo mdomoni. Akanionyesha stuli kwa kidevu. Nikakaa, na kwa kuwa hakuweza kunijibu, niliweza kusema.

Nilimwambia yote. Jinsi nilivyoziinua karatasi dirishani, jinsi nilivyoandika *kifaa kibovu* nikijua si kibovu, droo, mkutano, barua ya pongezi. Nilimwambia mkewe alifika ukingoni akauliza saa, akajibiwa ukweli, na hesabu aliyoipiga ilikuwa sahihi kwa kijito alichokijua. Kijito ndicho kilichokuwa kimebadilika, nikasema, na mimi nilijua, na yeye hakujua.

Nyundo yake ilikuwa imesimama hewani. Akaiweka chini. Akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga juu ya meza.

"Aliuliza?" akasema.

"Aliuliza."

"Akasubiri ajibiwe?"

"Alisubiri."

Akaitazama ile misumari.

"Miaka sita," akasema, "kila ninapoamka namgombeza. Namwambia, mwanamke wewe, umevuka pale maisha yako yote, haraka gani ile iliyokufanya usiulize saa? Kila asubuhi. Kabla sijanawa uso."

Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Alinyanyuka, akaenda mlangoni kuliko na mwanga, akasimama akinipa mgongo, mabega yake membamba yakipanda na kushuka.

"Nenda," akasema baadaye, bila ukali. "Nina la kusema naye."

Nikapita ubavuni kwake nikatoka. Hakunisindikiza hata hatua moja. Nilipofika njiani nilisikia anauvuta mlango taratibu, na ndani, kabla haujafungika, sauti yake ikaanza kuongea chini kwa chini.